Rejeta ya Chumba cha Hawa

Arua, Alhamisi jioni, Julai 1974

Mvua imenyesha tangu alfajiri na mpaka sasa haijaamua kama inaacha au inaendelea. Nimevaa sweta juu ya sweta. Mastura, mke wangu, ameniwekea chai ya tangawizi mezani.

Leo nimeingia chumba cha dada yangu Hawa kule Koboko, mara ya kwanza tangu aolewe.

Hakuwemo.

Nitaandika yote kwa mpangilio. Nikiyaacha kichwani yatageuka, na mimi najijua, nitayageuza yanipendelee.

Mambo yalianza na nyumba. Kapteni, ambaye sasa ni shemeji yangu, alipelekwa mafunzo nchi ya baridi, akarudi na tabia ya kunywa chai bila maziwa na mapenzi ya rejeta. Si rejeta za gari, ni za nyumba: vyuma vipana vinavyosimama ukutani, maji ya moto yanazunguka ndani yake, chumba kinapata joto. Alizileta ndani ya masanduku ya mbao mpaka Koboko, mji ambao watu wakitaka joto wanatoka nje. Mji mzima ulicheka. Nyumba wakaiita Ulaya. Yeye hakujali, na fundi wa kuzifunga mkoa wote wa West Nile alikuwa mimi peke yangu, niliyefanya kazi ya mabomba na maboila miaka mingi kule Nakuru kabla sijarudi nyumbani. Nyumba ilikuwa bado inanuka chokaa. Nilifunga boila ya kuchemshia maji kwa kuni nyuma ya jikoni, tangi darini, rejeta nne, na Kapteni akashinda nami akinishikia spana na kunisimulia theluji. Nilimpenda, kusema kweli.

Kisha akataka kumwoa Hawa. Hawa ni dada yangu wa pekee, baba mmoja mama mmoja. Baba alikwisha fariki, mimi ndiye kaka mkubwa, posa ilikuwa ije kwangu. Haikuja. Kapteni alikwenda kwa baba mdogo, wakanywa kahawa, wakamaliza maneno, ndipo nikaitwa kuambiwa siku ya harusi. Mtu niliyemfungia nyumba yake kwa mikono yangu.

Niliwaambia watu kwamba dada yangu simpi mwanajeshi, kwamba mwanajeshi wa siku hizi leo yupo na kesho hujui. Hiyo ilikuwa sababu ya barazani. Sababu yenyewe ni kwamba nilirukwa, na mimi nikirukwa huwa nanuna mpaka nasahau nilinunia nini. Harusi sikwenda. Hawa aliniletea sahani ya vyakula vya harusi na nikairudisha ikiwa imefunikwa vilevile. Tangu hapo, boila ikihitaji kuangaliwa nilikuwa nakwenda Koboko, nafanya kazi yangu, nakunywa chai jikoni, naondoka. Namsikia anacheka au anaita kuku ng'ambo ya ukuta, na siendi hata kusema hujambo.

Wiki iliyopita Hawa alijifungua kabla ya miezi yake kutimia. Mtoto wa kiume. Mkunga alisema anaenea kwenye kiganja na kipande cha mkono. Na alisema jambo moja ambalo kila mtu ndani ya nyumba ile analirudia: mtoto huyu asipate baridi, akipata baridi hatakaa. Sigiri ya makaa chumbani akaikataza, kwa kuwa kifua kile hakiwezi moshi. Basi zile rejeta zilizochekwa na mji wote zikawa ndiyo tegemeo la mtoto, na rejeta ya chumba cha Hawa, ya mwisho kabisa kutoka kwenye boila, haikutoa joto.

Hawa mwenyewe ndiye aliyesema niitwe.

Nilikwenda Jumamosi. Mama yake Kapteni akanipokea mlango wa nyuma. Tunamwita Haboba, kama tunavyowaita bibi zetu sisi Wanubi, na Kiswahili chake ni cha soko na kambi.

"Mtoto yangu, ile chuma ya Hawa iko baridi," akasema. "Ingine yote iko moto. Ingia, ona."

Kwetu mwanamke akijifungua hukaa ndani siku arobaini. Huoshwa kwa maji ya moto asubuhi na alasiri, hulishwa uji na mchuzi, na wanaume hubaki nje. Nikasema yuko arobaini, siwezi kuingia. Haboba akanitazama kama haelewi.

"Wewe ndugu yake. Ndugu naweza ingia. Nani nakataza?"

Nikamwambia arobaini ni arobaini. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa ule ananiambia mila inaruhusu, na mimi, ambaye Ijumaa nyingine hata msikitini sionekani, nikamzidi yeye kwa mila. Sikuwa naheshimu kitu. Nilikuwa nimepata mlango wa kujifichia, nikajificha.

Basi nikaanza kutibu chuma nisichokiona. Nikamuuliza Haboba iko baridi juu au chini. Akaingia, akatoka. "Yote baridi." Nikakubali. Sikumwuliza alishika wapi. Leo najua alishika pale juu tu, wanapoanika nepi.

Katika kazi hii, rejeta moja ikiwa baridi na nyingine moto, mambo ya kuangalia si mengi. Labda koki yake imefungwa. Labda uchafu umeziba bomba, au zile zilizo karibu na boila zinakula moto wote. Au hewa imeingia ndani, ikakaa juu, maji hayawezi kupanda. Na namna ya kujua ni mkono. Mkono juu, mkono chini. Ikiwa pote baridi, tazama bomba. Ikiwa chini moto na juu baridi, ni hewa, unalegeza skrubu ndogo ya pembeni, hewa inatoka, unakwenda zako. Kule Nakuru hata yule aliyeanza kazi jana alijua hivyo.

Mimi nilitumia mkono wa Haboba.

Nikaona ni bomba. Nikamwaga maji yote kupitia boila, nikasafisha, nikabana zile rejeta tatu ili moto usukumwe mpaka kwa Hawa. Hizo nyingine ziko sebuleni na ukumbini, hazina mila wala aibu. Nikajaza maji mapya. Nilisaidiwa na Lado, Msudani ambaye wenzake walirudi kwao amani ilipopatikana, yeye akabaki Koboko. Kazi yake ni kuchochea boila na kupanda ngazi kila asubuhi kujaza lile tangi la darini kwa madebe.

Tulipowasha moto tena, bomba likaanza kugonga. Ng'o-ng'o, halafu kimya kidogo, halafu ng'o. Nikasikiliza kwa uso wa mtaalamu. Nikamwambia Lado maji yanachemka kupita kiasi, mvuke unapiga chuma, punguza kuni. Akavuta magogo nje. Kugonga kukaendelea kidogo, kisha kukaacha, nami nikafurahi kwamba nimepatia.

Jumatatu nikaitwa tena. Safari hii Haboba hakuniambia niingie. Alisimama mlangoni, kanga imemlowa mabegani.

"Bado baridi. Mukono ya mtoto iko kama chura," akasema, akarudi ndani. Wanawake walikuwa wanampokezana kifuani mchana na usiku, huyu akichoka anampa yule. Nilisafisha tena bomba lililokwisha kuwa safi. Nikajaza tena maji mapya. Na bomba likagonga tena, vilevile, haraka mbili, na moja ya kuchelewa.

Lado akaniambia kitu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya boila, hakunitazama.

"Fundi, hii kitu wewe ukienda Arua hapana gonga. Wewe ukikuja, nagonga."

Nikacheka. Nikamwambia basi bomba linanipenda. Nikamwambia apunguze kuni tena.

Jioni ile Mastura akaniuliza kama nimemwona Hawa. Nikamjibu yuko arobaini. Akasema, "Na wewe uko arobaini ya nini?" Nikatoka nje kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote.

Leo asubuhi nikapanda tena lori lililokuwa linakwenda kuchukua tumbaku. Barabara ilikuwa matope matupu. Njiani tulipishana na gari la jeshi linakuja upande wa Arua kwa kasi, madirisha yamefunikwa kwa kanga, likaturushia matope mpaka juu ya turubai. Nilimtukana yule dereva. Nilimtukana yeye na waliomo.

Nilipofika Lado alikuwa amesimama uani na gunia kichwani. Akasema wamekwenda. Mtoto alikataa kunyonya alfajiri, midomo ikabadilika rangi, gari la jeshi la Kapteni likawachukua yeye na mama yake Kuluva hospitali, kupita Arua. Kapteni mwenyewe yuko kambini Moroto, hajui lolote. Hawa ametoka nje kabla ya arobaini yake, mchana kweupe, mvuani, jambo ambalo Haboba hajaliona katika nyumba yake tangu yeye mwenyewe aolewe.

Haboba alikuwa amekaa kizingitini. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisogea kidogo kunipisha, akasema:

"Sasa arobaini imekwenda Kuluva. Ingia."

Nikaingia. Kitanda kilikuwa kimevurugika, vipande vya pamba sakafuni, harufu ya mafuta ya simsim na udi. Niliweka mkono juu ya rejeta. Baridi. Nikaushusha taratibu mpaka chini, na chini ilikuwa moto karibu kuniunguza.

Hewa.

Kwenye mguu wa rejeta niliweka zamani koki ndogo ya kumwagia maji wakati wa kusafisha. Chini ya koki ile palikuwa na karai, na pembeni yake birika la kutawadhia. Nikamwuliza Haboba hivi vinafanya nini hapa. Akanijibu bila wasiwasi wowote.

"Maji ya kuosha Hawa. Iko karibu, iko moto. Mvua hii, nani nakwenda mpaka jikoni?"

Nani kweli. Kwake maji ya chini na chuma cha juu vilikuwa vitu viwili. Mwanamke wa arobaini anataka maji ya moto asubuhi na alasiri, na hapa maji ya moto yamekuja yenyewe mpaka kando ya kitanda. Ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Wakichota, maji ya tangi la darini yanashuka. Tangi likiisha kabla Lado hajapanda ngazi, hewa inaingia kwenye mabomba na kwenda kukaa rejeta ya mwisho. Mimi nikija, namwaga yote na kujaza mapya, naongeza hewa nyingine, kisha naamuru moto upunguzwe. Katika nyumba ile hakuna aliyekosea ila mimi. Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia wanawake wale kwamba maji ya rejeta hayachotwi. Ningewaambia lini? Mimi ni yule anayekunywa chai na kuondoka.

Nikatoa ufunguo mfukoni, nikalegeza skrubu. Hewa ikatoka ikipiga mluzi muda mrefu, halafu maji yakanirukia shati. Nikakaza. Lado akajaza tangi, akarudisha magogo yote. Haboba alikuwa amenimiminia chai, na kabla haijapoa rejeta ilikuwa moto juu mpaka chini. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Ni kazi ya kufanya huku unazungumza na dada yako, unamwuliza mtoto kafanana na nani.

Chumba kikapata joto. Kioo cha dirisha kikaota ukungu. Nikavua sweta. Nikakaa kwenye mkeka kando ya kitanda kitupu, natoka jasho, na nje mvua ya Julai inapiga mabati. Joto lilikuwa zuri kweli, Kapteni hakudanganya. Halikuwa na mtu wa kulipokea.

Nilipoinama kukusanya spana nikaona kijiko. Kijiko kikubwa cha kupakulia mchuzi, kimeegemezwa ukutani nyuma ya rejeta. Na mahali pale, kwenye bomba linaloingia, rangi ilikuwa imebanduka kwa vipande vidogo vidogo, chuma kinaonekana. Nikakishika. Haboba akakitazama mkononi mwangu.

"Hiyo ya Hawa," akasema. "Nakuita wewe. Akisikia sauti yako kule nyuma, nagonga. Mimi nasema, acha, kaka yako naheshimu arobaini. Yeye nasema hapana, yeye atajua, yeye atakuja."

Niliuliza tu kwa nini hawakumtuma mtu kuniambia. Haboba akasema walimtuma yeye, Jumamosi, mlango wa nyuma.

Tulipokuwa wadogo hapa Arua, chumba changu na cha Hawa viligawanywa kwa bati. Hawa alikuwa mwoga wa kwenda chooni peke yake gizani. Alikuwa analala na kijiko chini ya mto, na akishikwa haja anagonga bati: mbili za haraka, moja ya kuchelewa. Nilikuwa naamka nikilalamika, nachukua kandili, nasimama nje ya choo nikimwambia afanye haraka, simba anakuja. Alikuwa analia na kucheka hapohapo. Nilimtania, nilimtisha, lakini hakuna hata mara moja aliyogonga nisiamke.

Haraka mbili, na moja ya kuchelewa. Nililisikia bomba Jumamosi, nikalisikia Jumatatu. Njia nzima ya kurudi, juu ya marobota ya tumbaku, nimekuwa nikijiuliza kama sikuitambua sauti ile au sikutaka kuitambua. Mvuke haugongi kwa mpangilio. Mvuke unagonga ovyo, na hilo nalijua kuliko mtu yeyote upande huu wa Nile. Nadhani sikio lilitambua. Nadhani nilikuwa bado nimenuna.

Aliniita, nikampunguzia moto.

Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningelala vizuri leo. Nimemjaribu Kapteni na masanduku yake, nimemjaribu baba mdogo na kahawa yake, hata Haboba na karai lake. Hawakai. Kila nikimweka mmoja, naona mkono wangu mwenyewe unamwelekeza Lado avute magogo.

Nimefika nyumbani magharibi. Mastura alikuwa mlangoni. Akaniambia lile gari lilisimama hapa mchana, dereva akiomba maji. Hawa hakushuka. Mastura alifunua kanga ya dirishani akamwona amekaa nyuma, mtoto yuko ndani ya gauni lake, kwenye ngozi, amezungushiwa pamba, na juu yake koti la jeshi la mumewe. Mtoto alikuwa anapumua. Mastura anasema pumzi ilikuwa ndogo, lakini aliiona, alisubiri mpaka akaiona tena.

Akamwuliza Hawa, kaka yako nimwambie nini?

"Akasema nikwambie usihangaike tena na bomba," Mastura akanieleza. Halafu akaenda kuweka chai.

Dereva alipita tena saa kumi akirudi Koboko. Alisema wamepokelewa, mtoto amelazwa katikati ya chupa za maji ya moto, ameanza kumeza maziwa kidogo kidogo kwa kijiko. Zaidi ya hapo hajui. Na mimi sijui. Nimeomba, kwa maneno machache, maana sikuwa na uso wa kuomba kwa maneno mengi.

Kile kijiko cha mchuzi kiko mezani mbele yangu. Nilikitia mfukoni bila kumwomba Haboba ruhusa, naye aliona akaniacha. Mastura amekipita mara kadhaa akitandika kitanda na hajauliza ni cha nini. Nitamwambia. Nitamwambia leo, kabla hatujalala, nikishafunga daftari hili.

Alfajiri nitachukua baiskeli nishuke Kuluva, mvua ikiwepo isiwepo. Sitabeba spana. Nitauliza yuko wodi gani na nitasimama nje ya mlango, na kama watasema wanaume hawaingii nitasimama hapohapo mlangoni mpaka waruhusu. Sijui nitasema nini. Samahani ni neno dogo na yeye hakuniita nimpelekee neno, aliniita niende.

Kwa hiyo nitatoa kijiko nigonge ubao wa mlango, haraka mbili, na moja ya kuchelewa. Ataijua. Akinyamaza, ana haki ya kunyamaza, mimi nilinyamaza kwanza.

Nitagonga tena.